Unataka basenji? Zijue kwanza tabia za mbwa huyu mdogo wa Kongo asiyebweka

Omurushaka mbwa ni mlinzi. Akinyamaza usiku mzima, mwenye nyumba anauliza kesho yake kama anakula bure. Sasa kuna mbwa ambaye kunyamaza ndiyo asili yake: basenji, kutoka misitu ya Kongo.

Ni mdogo. Dume ana kilo 11 hivi na kimo cha sentimita 43, jike ana kilo 10. Masikio yamesimama, paji la uso lina mikunjo, mkia umejikunja juu ya mgongo. Jina lake linahusishwa na neno letu "shenzi", yaani mbwa wa porini, japo kwa akili alizonazo ni kumwonea tu.

Mwaka 1895 Waingereza walimpeleka kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakamwita "Congo Terrier". Walikosea. Terrier kama Jack Russell alizalishwa aingie shimoni kumfukuza mnyama. Basenji hutumia macho na pua, na kazi yake kwao ni kuswaga wanyama hadi kwenye nyavu za wawindaji. Kwa kuwa habweki, hufungwa kengele shingoni ili mwenyewe ajue alipo. Wale wa kwanza walikufa kwa distempa, na mbegu ilishika Uingereza miaka ya 1930.

Bubu siyo. Hulia, hunguruma, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka kama mtu anayeimba kwa koo. Hujilamba mwili mzima kama paka, kwa hiyo hanuki sana. Jike huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengi ni mara mbili.

Shida iko kwenye tabia. Anakuelewa vizuri ukimwita, ila kwanza anapima kama kuna faida ya kuja. Mgeni humwangalia kwa mbali. Ukimfungia peke yake bila kazi, viatu vimekwisha. Uzio anaupanda. Na kuku wa jirani, kwake ni windo. Hapo ugomvi hauko mbali, maana migomba haizuii mbwa kuvuka kwenda kwa mwenzio. Kumchapa hakusaidii, kunamfanya akuogope. Anahitaji kukimbizwa kila siku, akiwa na kamba, na kufundishwa kwa chakula tangu mdogo.

Usifikirie kumpeleka kuwinda Rumanyika-Karagwe au Ibanda-Kyerwa. Zote ni Hifadhi za Taifa tangu 2019, na kuwinda humo ni kosa.

Ukimwona anakunywa na kukojoa kupita kawaida, hasa akifika miaka minne na kuendelea, muite daktari wa mifugo: uzao huu una ugonjwa wa kurithi wa figo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, kwa basenji na kwa embwa wa kienyeji pale uani. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo.