Albamu Iliyolala

Albamu ya kumbukumbu haiachwi kwa uamuzi. Anayeipenda kazi hii ya kubandika picha pamoja na tiketi, kadi za mialiko, vipande vya kitambaa na maelezo ya mkono hujikuta tu ameisimamisha: mtoto kazaliwa, nyumba imehamwa, boksi la vifaa likapandishwa juu ya kabati. Miaka inakatika. Siku akilishusha, karatasi zake nzuri zimo, mikasi ya mapambo imo, lakini hamu hana. Anazipangua karatasi, anazirudisha, na kujiambia kwamba kipaji kimemtoka.

Kazi yangu ni kutunza picha za familia, na ninavyoona mimi, mara nyingi mtu huyu ana deni linalomlemea. Picha za harusi ya ndugu ziko kwenye flashi, za watoto ziko kwenye simu ambazo alikwisha kuzibadilisha, nyingine zimebaki kwenye bahasha ya studio, naye amejiwekea sharti kwamba zote ziingie kwenye albamu kwa mfuatano wa tarehe. Akitaka kubandika picha ya sikukuu iliyopita, lazima kwanza amalize miaka yote iliyotangulia. Hamu itatoka wapi?

Sharti hilo halikuzaliwa na kazi yenyewe. Katika karne ya 19 watu wengi wa Ulaya na Marekani walibandika vipande vya magazeti, kadi na michoro ya rangi kadiri vilivyowajia. Mwandishi Mark Twain aliipenda kazi hiyo hata akasajili hataza, mwaka 1873, ya daftari ambalo kurasa zake zilikwisha kupakwa gundi. Mtu alilowesha tu na kubandika. Mtindo wa sasa wengi huuhesabu kuanzia mwaka 1980, pale Marielen Christensen wa Utah alipoonyesha zaidi ya majuzuu 50 ya kumbukumbu za familia yake katika kongamano la dunia lililofanyika Salt Lake City. Huko ndiko kitovu cha Wamormoni, ambao kwao kutunza habari za ukoo ni jambo la dini, na habari za ukoo hudai tarehe. Kwa anayeandika historia ya ukoo, mfuatano una maana kubwa. Kwa aliyekwama ni mzigo, na namshauri autue leo. Ukurasa wa mwaka huu unaweza kukaa kando ya ukurasa wa miaka ishirini iliyopita, mradi kila mmoja umeandikwa tarehe yake.

Hamu huuawa pia na sifa. Mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Waliokuwa wameahidiwa cheti kwa kuchora walionekana baadaye, katika muda wao huru, wakichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Huwa naukumbuka utafiti huo nikiona mtu anatengeneza ukurasa huku akiwaza utakavyopendeza ukipigwa picha na kurushwa mtandaoni. Akikosa kupongezwa, kesho hagusi mkasi. Kwa muda wa kujirudisha kazini, kurasa zako zibaki nyumbani.

Basi aanzie wapi? Ushauri wangu huwashangaza watu: usianze kwa kubuni, anza kwa kuokoa. Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua karibu maingizo 12,000 ya shajara za wafanyakazi, na katika kitabu chao cha mwaka 2011 walieleza kwamba kilichowapa watu ari zaidi kazini ni kuona wamesogea mbele, hata kidogo, katika jambo wanalolithamini. Kuokoa picha ni kusogea kunakoonekana kwa macho, na hakudai ubunifu wowote.

Karibu kila nyumba ina albamu za zamani zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika juu. Zilionekana za kisasa, kumbe ni adui wa picha: gundi hugeuka manjano na kuganda, na baadhi ya plastiki hizo hutoa kemikali zinazoharibu rangi. Kabla ya kugusa chochote, piga picha kila ukurasa kama ulivyo, maana mpangilio nao ni kumbukumbu. Kisha funua plastiki taratibu. Picha iliyoshika sana usiikunje. Pitisha chini yake uzi wa kusafishia meno, uuvute kushoto na kulia mpaka gundi iachie. Ikikataa, iache mahali pake, nakala uliyoipiga inatosha. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiivute kabisa, kwa sababu utando wake wa jelatini ndio ulioshika kioo, nao ukitoka unatoka na sura za watu. Zilizotoka salama zitie kwenye mifuko ya plastiki ya polipropilini au kwenye bahasha zisizo na asidi. Mnaokaa mwambao, ziwekeni mbali na ukuta wa nje, kwani unyevu huleta ukungu.

Ukifanya kazi hii kwa utulivu, utafika mahali ambapo mikono inasimama yenyewe. Utageuza picha na kukuta mwandiko wa shangazi: ukumbusho kwa fulani, na tarehe. Au utakuta mhuri wa studio, pengine ile ya Capital Art Studio ya Unguja, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Utataka kujua gauni lile lilishonwa na nani, na kwa nini babu kasimama pembeni. Mpigie simu mzee anayejua, umuulize leo. Majibu yake yaandike kwa maneno yake, ukionyesha hata mahali alipocheka. Hapo una ukurasa: picha moja, karatasi moja, kalamu moja, na maelezo mengi kuliko mapambo. Sijaona njia bora ya kuirudisha hamu, na sidhani kurasa zilizojaa stika zinaufikia uzito wa ukurasa huo.

Zipo albamu zilizolala kwa sababu ya msiba. Mama aliyefiwa na mwanawe hakosi ubunifu. Picha zenyewe ndizo zinazomuumiza, na hakuna anayepaswa kumhimiza. Picha za marehemu zitiwe kwenye bahasha yao, jina liandikwe juu kwa penseli, ziwekwe mahali pakavu anapopajua, naye aendelee na za wajukuu, au asiendelee na chochote kwa sasa.