Kura Moja Yafaa Nini? Neno la Mgeni kwa Wenyeji

Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mara nyingi mgeni huona lile ambalo mwenye nyumba amelizoea mpaka halioni tena. Basi, msomaji mpenzi, leo mimi ndimi mgeni huyo. Sikukuletea dawa mpya. Nataka tu kukuonyesha kitu kilichomo ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Mimi ni Mtanzania, nami nimekaa Marekani, katika jimbo la Minnesota upande wa kaskazini, tangu mwaka 2004. Nina kibali cha kukaa na kufanya kazi huko siku zote. Nalipa kodi kama jirani zangu, watoto wangu wamesoma pamoja na watoto wao, na theluji ikianguka twasaidiana kuiondoa milangoni. Kitu kimoja tu sina, nacho ni kura. Sheria ya nchi ile ya mwaka 1996 yasema kwamba mgeni akipiga kura katika uchaguzi wa Rais au wa Bunge lao, ametenda kosa. Aweza kutozwa faini, kufungwa, hata kurudishwa kwao.

Ningeweza kuomba uraia, lakini sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, nami sikutaka kuuacha uraia wa kwetu. Na kwa kuwa kura ya nyumbani hupigwa nyumbani, huko nako sipigi. Silalamiki, kwa maana ni haki wenye nyumba wajichagulie msimamizi wao. Lakini ajuaye thamani ya chakula ni mwenye njaa.

Majirani wawili

Siku ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2008, Wamarekani walikuwa wakichagua Rais, na watu wa Minnesota walikuwa wakichagua pia Seneta wao mmoja. Asubuhi ile nilimpeleka kwa gari jirani yangu, mama mjane aliyepita miaka 80, mpaka kwenye ukumbi wa kanisa uliokuwa kituo cha kura. Alisimama katika mstari akiegemea fimbo yake, wala hakukubali kupewa nafasi ya mbele. Mimi nilimngoja nje.

Tuliporudi nilimkuta jirani yangu wa pili, fundi wa mabomba, mtu mwenye nguvu zake, akikusanya majani makavu uani. Nikamwuliza, "Je, jirani, umekwisha kupiga kura?" Akacheka, akasema, "Watu ni mamilioni. Kura yangu moja itafanya nini?" Hata hakuwa amejiandikisha. Na huko Minnesota mtu aweza kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi, pale pale kituoni.

Nilinyamaza, maana mgeni hagombezi wenyeji. Lakini swali lake lilijibiwa upesi kuliko sisi sote tulivyodhani.

Kura 312

Kura zilipohesabiwa mara ya kwanza, Seneta aliyekuwapo, Norm Coleman, alimzidi mpinzani wake Al Franken kwa kura 215 tu. Waliopiga kura walikuwa karibu milioni 2.9. Kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo mno, sheria ya jimbo iliagiza kura zote zihesabiwe tena kwa mkono.

Ndipo ilipoanza kazi kubwa. Karatasi moja moja ilishikwa na kutazamwa mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Shahidi asiporidhika aliweza kupinga, na karatasi ile ikapelekwa kwa baraza la watu watano mjini Saint Paul, waliokaa hadharani kila mtu akiwaona. Wapiga kura wengine walikuwa wameharibu kura zao kwa mzaha. Mmoja alitia alama kwa Franken, kisha akaandika chini ya majina kwamba awachagua watu mijusi. Kura yake ikakataliwa, kwa kuwa alichagua mara mbili.

Mambo yakaenda mpaka mahakamani. Hesabu ya mwisho ikawa hivi: Franken kura 1,212,629, Coleman kura 1,212,317. Tofauti ni kura 312. Jimbo lile lilikuwa na vituo zaidi ya 4,000, basi gawanya mwenyewe: ni kama kura moja kwa kila vituo 13! Tarehe 30 Juni 2009 Mahakama Kuu ya jimbo ikakata shauri, na Coleman akakubali kushindwa siku ile ile.

Sasa fikiri. Katika uchaguzi ule, zaidi ya raia mmoja katika kila watano wenye haki ya kupiga kura walikaa nyumbani. Na Minnesota ndiyo iliyoongoza majimbo yote ya Marekani kwa wingi wa wapiga kura mwaka ule! Miongoni mwa waliokaa alikuwamo fundi wangu na majani yake makavu. Kila mmoja wao alisema, "Mimi ni mmoja tu." Lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kile kilipungukiwa haba 312.

Matunda yake

Labda utasema, "Seneta mmoja katika watu mia, ni kitu gani?" Sikia basi. Katika Seneti ya Marekani, wapinzani wa mswada waweza kuuzuia wasipopatikana watu 60 wa kukata mjadala. Franken alipoapishwa Julai 2009, chama chake pamoja na marafiki zake kilitimiza 60 kamili. Tarehe 24 Desemba mwaka ule, sheria kubwa ya bima ya afya ilipita katika Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39. Upande wa pili haukutoa hata kura moja ya kuiunga mkono. Kama yule mmoja angepungua, mswada ule ungekwama siku zile.

Sheria hiyo iliingia nyumbani mwangu. Mke wangu ana kisukari, na kampuni moja ya bima ilikuwa imemkataa kwa ajili hiyo, ikatubidi kutafuta bima nyingine ya bei kubwa. Tangu mwaka 2014 sheria inakataza mtu kukataliwa bima kwa sababu ya ugonjwa alio nao. Kwetu ilikuwa nafuu. Lakini yule fundi, aliyejilipia bima yake mwenyewe, aliona malipo yake yakipanda, akanijia na barua mkononi huku amekasirika. "Nani aliyetupitishia sheria hii?" akauliza.

Sikukusudia kukuambia kwamba sheria ile ni njema au mbaya. Wamarekani wenyewe wamebishana juu yake miaka mingi. Nasema hivi tu: mke wangu alipata nafuu kwa kura za watu wengine, na jirani yangu alipata hasara kwa kura za watu wengine. Mimi sikuwa na la kufanya. Yeye alikuwa nalo.

Wageni katika nchi yao

Katika Tanganyika ya mwaka 1958, mpiga kura alitakiwa awe na elimu ya juu kwa siku zile, au mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au cheo fulani. Babu yangu alikuwa mkulima wa mahindi na maharage huko Upare, asiye na kimoja katika hivyo vitatu. Alizaliwa pale, akalipa kodi pale, lakini siku ya kura alikuwa mgeni kama mimi nilivyo Minnesota. Mwaka 1962, Tanganyika ilipochagua Rais wake wa kwanza na kila mtu mzima akaruhusiwa, alivaa kanzu yake nyeupe akaenda kituoni kabla ya jua kuchomoza. Alipenda kutuambia, "Siku ile nilikuwa mwenyeji."

Na wasomaji wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufundishwa na Minnesota. Katika uchaguzi wa Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu!

Usiniambie haya

Wengine husema, "Wote ni wale wale." Yawezekana hakuna anayekupendeza kabisa. Lakini hata sokoni usipopata nyanya nzuri, huchagua zilizo afadhali, wala humwachii mpita njia akuchagulie.

Wengine husema, "Kura hazihesabiwi kwa haki." Neno hili ni zito, wala sitalicheka. Kura ina thamani pale tu inapohesabiwa kwa uaminifu. Ile hesabu ya Minnesota ilichukua karibu miezi minane, na iliaminika kwa sababu ilifanywa mbele ya macho ya watu. Basi, anayetaka kura yake iheshimiwe aidai hesabu ya wazi, kwa amani na bila kuchoka. Lakini mtu asiyepiga kura atadai hesabu ya nini?

Kwa hiyo, msomaji, jiandikishe mapema. Tazama jina lako katika orodha kabla ya siku yenyewe. Wasikilize wagombea wote, si yule tu wa kabila lako au anayegawa kofia. Jifunze kutia alama vizuri, usije ukaharibu kura yako. Na ukiwa na jirani mzee au mgonjwa, msaidie kufika.

Yule mama mjane amekwisha kufariki. Mwaka 2016, asubuhi ya siku ya kura, nilisikia mlango wangu ukigongwa. Alikuwa yule fundi. Gari lake lilikuwa limeharibika, akaniomba nimfikishe kituoni. Nilimpeleka, nikamngoja nje.