Sheria ya magari yauliza umri, haiulizi uzima

Ukitoka mjini Naivasha ukaishika barabara ya Moi South Lake, huendi mbali kabla ya kufika Karagita. Huu ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Nyumba zake ni vyumba vilivyobanana, mabati kwa mawe, na maji ni ya kununua kwa mtungi. Alfajiri mabasi ya mashamba huja kuwazoa watu, na jioni huwarudisha wakiwa hoi. Gari linalojulikana hapa ni basi hilo, matatu na bodaboda. Si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia mjadala kuhusu gari dogo la mbio, la viti viwili, lililoundwa zaidi ya miaka 50 iliyopita. Hata hivyo mjadala ulizuka, nami nikavutwa ndani yake bila ya kupenda.

Kijana mmoja mzaliwa wa mtaa huo, ambaye niliwahi kumfundisha hesabu, ni fundi katika gereji moja huko Sharjah. Usiku mmoja aliniletea picha kwa simu. Katika yadi ya magari makuukuu alikuwa ameiona Datsun 240Z, rangi imebabuka kwa jua la jangwani, tairi zimekwisha hewa, lakini bodi haina kutu. Mwenye yadi alikuwa tayari kuiuza kwa bei ambayo kijana aliweza kuimudu kwa akiba yake ya miaka minne. "Mwalimu," aliniandikia, "nataka kuipakia melini hadi Mombasa, kisha niiendeshe mwenyewe mpaka mlangoni kwa baba. Nieleze sheria inasemaje."

Msomaji asiyeifahamu habari ya gari hilo huenda akashangaa. Kampuni ya Nissan ililizindua mwaka 1969, likiwa na injini ya mitungi sita yenye ujazo wa lita 2.4. Huko Ulaya na Marekani lilinunuliwa na vijana waliotaka mwendo wa kasi bila ya kulipa bei ya magari ya Kijerumani na Kiingereza. Huku kwetu lilijipatia sifa ya namna nyingine, sifa ya vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na msaidizi wake Hans Schüller walishinda nalo mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 likashinda tena, mara hii mikononi mwa Shekhar Mehta.

Ushindi huo wa 1973 haukusahaulika. Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye jamaa zake walikuwa wamelazimika kuihama nchi kwa amri ya Idi Amin mwaka uliotangulia, alimaliza akiwa sawasawa kwa alama na Mswidi Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun. Ikabidi waamuzi watazame ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama yake ya kwanza ya adhabu. Alikuwa Mehta. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Baba wa kijana wetu alikuwa barobaro mwaka huo wa 1973. Anasimulia jinsi alivyokesha kando ya barabara pamoja na wenzake, wamejifunika blanketi moja, wakisubiri taa zitokeze gizani. Gari lenyewe anakiri kwamba aliliona kwa muda wa kupepesa macho tu. Sauti yake, asema, haijamtoka masikioni. Mzee huyo alifanya kazi mashambani maisha yake yote na hajapata kumiliki gari. Sasa amepita miaka 70 na miguu yake haimtii tena. Basi kijana hakuwa akinunua mtambo wa kujionyeshea mitaani. Alitaka kumrudishia babake sauti ile kabla jua halijatua.

Ilinibidi nimjibu, na jibu lilikuwa chungu. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Ukadiriaji Ubora wa Bidhaa, yaani KEBS, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Tena usukani wake sharti uwe upande wa kulia, isipokuwa kwa magari machache ya kazi maalumu kama vile ya wagonjwa na ya zimamoto. Magari ya nchi za Ghuba yana usukani wa kushoto. Kwa hiyo Datsun ile ilikuwa na makosa mawili: ilizaliwa mapema mno, na ilizaliwa na mkono usiotakiwa.

Hata kama isingekuwa na makosa hayo, bado kuna kodi. Tuchukue mfano wa gari lenye injini ya lita 2.4 lililothaminiwa na forodha kuwa ni la shilingi 1,000,000. Kwa kiwango kilichoanza kutumika Julai 2023, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani shilingi 350,000. Juu ya jumla hiyo huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 25, nao ni shilingi 337,500. Kisha hiyo jumla mpya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo ni shilingi 270,000. Ukijumlisha, utaona kwamba kodi imefika shilingi 957,500, kabla ya kuzitaja ada nyingine ndogondogo. Mtu hununua gari moja akalipia karibu mawili.

Sitaki kuonekana kama mtu anayeitukana sheria. Kanuni ya miaka minane ina busara yake, na aliyesahau miaka ya 90 na akumbushwe. Baada ya serikali kulegeza masharti ya fedha za kigeni na ya uagizaji bidhaa, magari yaliyotumika yalifurika kutoka Japani, mengi yakipitia Dubai. Mengine yalikuwa mazima. Mengine yalikuwa takataka iliyopakwa rangi. Nchi isiyo na kizuizi hugeuka kuwa jaa la wenzake, na moshi na ajali ni vya mwananchi wa kawaida anayepanda matatu. Kwa magari ya kazi ya kila siku, kizuizi hicho na kibaki.

Hoja yangu ni kwamba sheria hii inauliza umri, haiulizi uzima. Gari la miaka saba lililogongwa na kuungwaungwa lina nafasi ya kujitetea mbele ya mkaguzi. Gari la miaka 50 lililotunzwa kama mboni ya jicho halina hata nafasi ya kufikishwa mbele yake. Hapa Naivasha tunalijua vizuri jambo la ukaguzi. Waridi linalochumwa leo katika mashamba yanayoizunguka Karagita hukaguliwa wadudu na magonjwa kabla ya kupandishwa ndege kwenda Uholanzi. Likionekana zima linapita, na likionekana gonjwa linatupwa. Ikiwa tunaweza kulipima ua, tutashindwaje kulipima gari?

Tena sheria yetu ina jambo la kuchekesha ndani yake. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari ya magari ya kale, yanayowavuta wageni kutoka Ulaya na kwingineko. Wao huja na Porsche 911, Ford Escort na hizo hizo Datsun, wakazivurumisha katika barabara zetu za vumbi kwa siku kadhaa. Kisha huzipakia tena na kuzirudisha kwao, kwa kuwa huingia kwa utaratibu wa muda. Kwa maneno mengine, gari kuukuu laweza kuja Kenya kutuchafulia nguo kwa vumbi, mradi lisikae. Mgeni yuko huru kulichezesha, ila mwananchi hana ruhusa ya kulitunza.

Tazama wanavyofanya wengine. Marekani huzuia gari ambalo halikuundwa kwa viwango vyake vya usalama, lakini likitimiza miaka 25 mlango hufunguliwa. Ujerumani, gari lililotimiza miaka 30 hupelekwa kwa mtaalamu, na akithibitisha kwamba limehifadhiwa katika hali yake ya asili, hupewa namba inayoishia kwa herufi H, kuonyesha kwamba ni la kihistoria. Uingereza huyasamehe kodi ya barabara magari yaliyopita miaka 40. Nchi hizo zimetambua kwamba kuna umri ambao gari huacha kuwa kuukuu likaanza kuwa kumbukumbu. Kwetu mlango hufungwa gari likifika miaka minane, na baada ya hapo haufunguliwi kamwe.

Najua kuna watakaoniambia, "Mwalimu, watu wa Karagita wananunua maji kwa mtungi nawe watuletea habari za vigari vya matajiri!" Swali hilo ni la haki na halistahili kupuuzwa. Mtu asidhani kwamba namtaka Waziri aache shughuli ya maji ashughulikie Datsun. Lakini nami nauliza: ni nani anayeyatengeneza magari hayo ya kale? Tajiri hashiki spana. Gari la siku hizi likiharibika, fundi huunganisha kompyuta, akasoma hitilafu, akang'oa kifaa kizima na kuweka kingine. Gari la mwaka 1971 halina kompyuta. Linahitaji sikio na mkono.

Chukua mfano wa kabureta. Mombasa ipo usawa wa bahari, ilhali Naivasha ipo juu kwa karibu mita 1,900, na ukitokea Nairobi kwa njia ya Limuru unavuka mahali palipopita mita 2,200. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, lakini kabureta huendelea kumimina petroli ile ile. Injini huanza kukohoa, plagi hugeuka nyeusi, na nguvu hupungua. Fundi mwenye ujuzi hupunguza mafuta kidogo kidogo, akisikiliza, hadi injini iimbe tena. Ujuzi huo wanao wazee wachache wa jua kali mjini Nakuru, nao wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Vivyo hivyo ufundi wa kukunja bati kwa nyundo, wa kushona viti na wa kuchonga vipuri visivyouzwa tena madukani. Kwingineko duniani hiyo ni kazi ya heshima yenye malipo mazuri. Vijana wa Karagita, ambao kila mwaka hupanda juu ya mawe kuyatazama magari ya Safari tangu mashindano ya dunia yaliporejea mwaka 2021 na kufanya makao Naivasha, wangeweza kuwa mafundi badala ya kuwa watazamaji tu.

Kwa hiyo naleta pendekezo mbele ya KEBS na wizara zinazohusika. Liwekwe tabaka la magari ya kihistoria, yaliyopita miaka 30 au zaidi. Yakaguliwe moja moja, breki, chasisi na moshi, kwa ukali kuliko gari la kawaida. Kodi ilipwe yote, asisamehewe mtu. Yazuiwe kufanya kazi ya teksi wala ya kubeba mizigo, na mwendo wake wa mwaka uwekewe mpaka. Kuhusu usukani wa kushoto, aruhusiwe mwenye gari kuuhamisha kabla ya kulisajili, na kazi hiyo ifanywe na mafundi wa humu nchini. Tabaka kama hilo halitaijaza nchi takataka, kwa kuwa mwenye takataka hawezi kuzistahimili gharama hizo.

Na kijana wetu je? Alinisikiliza. Datsun ya Sharjah akaiacha, na baada ya majuma mawili akanijulisha kwamba imechukuliwa na mnunuzi mwingine. Sikuwa na la kumliwaza. Lakini alipokuja likizo alizunguka Nakuru nzima hadi akaipata, nyuma ya ghala moja, Datsun 160J, ya aina ile ambayo Mehta alishinda nayo mwaka 1979 na 1980. Si gari la viti viwili, na kuku walikuwa wametagia ndani. Hata hivyo lilikuwa na namba ya Kenya na usukani wa kulia, wala halikuhitaji ruhusa ya mtu. Ndoto yake ya kuendesha kutoka Mombasa hadi mlangoni kwa baba ikawa safari ya kama kilomita 70, gari likiwa juu ya lori.

Muda wa likizo ulimalizika kabla ya injini kukubali. Siku tatu kabla ya kusafiri, aliliwasha kwa mara ya kwanza. Mzee aliletewa kiti nje. Injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena, kisha ikashika. Watoto wa mtaa walishangilia. Mzee alisikiliza kwa muda mrefu, ameinamisha kichwa. Mwisho akatamka, "Hili si lile." Akanyamaza kidogo, akaongeza, "Lakini ni ndugu yake. Usilizime."

Kijana amerudi Sharjah, na kila Jumapili kuna anayeliwasha gari kwa niaba yake. Mzee husogezewa kiti. Nami ninapopita hapo hujiuliza ni kumbukumbu ngapi za nchi hii zilizobaki ng'ambo, zimezuiwa kurudi nyumbani kwa sababu tu zina umri mkubwa. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Sheria yetu yasema kuishi kwingi ni kosa. Ningependa kuiona ikirekebishwa wakati wazee waliosimama kando ya barabara mwaka 1973 bado wanasikia.