Pilau ya Shughuli Haipikwi kwa Sufuria Moja

Katika mtaa wa Kibagabaga, ulio juu ya kilima upande wa kaskazini-mashariki wa jiji la Kigali, siku za mwisho za mwezi wa Juni ni siku za hesabu katika kila nyumba. Mwaka wa bima ya afya ya wananchi wa Rwanda, ambayo wenyewe huiita mituweli, huanza tarehe 1 Julai, na atakaye kutibiwa kwa gharama nafuu tangu siku hiyo hana budi awe amekwisha toa mchango wake. Tangu mwaka 2011, na kwa miaka mingi iliyofuata, kaya nyingi zilitozwa faranga 3,000 kwa kila mtu. Mama mwenye watu sita nyumbani alipaswa kutafuta faranga 18,000, nazo si fedha za kuokota njiani.

Zamani fedha kama hizo zilipelekwa kwa mkono, na foleni ilikula siku nzima. Siku hizi mama huweza kuketi jikoni akabonyeza nyota 909 reli, akaingia katika Irembo, mtandao wa huduma za serikali ulioanza kutumika mwaka 2015. Jina hilo kwa Kinyarwanda maana yake ni lango. Huandika namba ya kitambulisho, hesabu ya kaya yake ikatokea, akaikubali, akaandika namba yake ya siri. Kisha husubiri.

Kusubiri huko ndiko kwenye kisa. Huenda mtandao ukakatika wakati huo huo, simu ikanyamaza, wala hakuna ujumbe. Je, fedha imekwenda au haikwenda? Alipe tena, au asubiri? Kesho yake mtoto akipandwa na homa na kupelekwa katika Hospitali ya Kibagabaga, karani hatamwuliza mama kama alilipa jana. Ataiuliza kompyuta, nayo itajibu kama ilivyoandikiwa.

Mama huyo hayuko peke yake. Jioni hiyo hiyo maelfu kwa maelfu ya watu nchini kote wanabonyeza namba zile zile, kwa kuwa binadamu ni wale wale popote, hungoja siku ya mwisho. Kazi ya kuwahudumia wote kwa pamoja bila ya kupoteza faranga ya mtu ndiyo iliyowaumiza vichwa wahandisi wa makampuni makubwa ya dunia kwa muda wa miaka thelathini sasa.

Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba watu wakizidi hununuliwa kompyuta kubwa zaidi. Kila mpishi wa shughuli anajua kosa la fikira hiyo. Pilau ya watu elfu haipikwi katika sufuria moja kubwa kama pipa, maana chini kutakuwa ukoko, katikati bokoboko, na juu mchele. Hupangwa sufuria kumi za kadiri, kila moja na mafiga yake na mpishi wake, na yupo mtu mmoja anayeelekeza sahani ziende wapi. Sufuria moja ikimwagika, wageni hawalali njaa.

Ndivyo walivyofanya Google. Badala ya kununua mitambo michache ya bei kubwa, walikusanya kompyuta za kawaida kwa maelfu, wakakubali tangu mwanzo kwamba kila siku baadhi zitakufa. Mwaka 2003 walitoa maelezo ya namna wanavyohifadhi taarifa zao. Kila fungu la taarifa liliwekwa kwa kawaida katika nakala tatu, kila nakala katika kompyuta yake, ili moja ikiharibika kazi iendelee huku nakala nyingine ikitengenezwa. Wala wingi wa watumishi si lazima. Mwaka 2014, WhatsApp iliponunuliwa na Facebook, ilikuwa ikitumiwa na watu wapatao milioni 450, na wahandisi wake walikuwa 32 tu. Idadi hiyo haijazi hata daladala mbili.

Afrika ya Mashariki nayo ina somo lake katika jambo hili. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwezi Machi 2007, baada ya kujaribiwa tangu mwaka 2005, na kabla ya mwaka wa kuanzishwa kwake kwisha watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamejiandikisha. Kwa miaka mingi mitambo yake mikuu ilikuwa Ujerumani. Mzee wa Kisumu aliyepelekewa shilingi mia tano na mwanawe aliyeko Nairobi hakujua kwamba habari ya fedha hiyo imevuka bahari, ikafika Ulaya na kurudi, ndipo simu yake ikalia. Mwezi Aprili 2015 mitambo mipya iliwekwa nchini Kenya kwenyewe. Kuwahamisha mamilioni ya watu kutoka mtambo mmoja hadi mwingine, na kila mmoja akute salio lake vile vile lilivyokuwa, ni sawa na kuhama nyumba huku chungu kikiwa kinachemka mekoni.

Rwanda ilipata mtihani wake mwezi Machi 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia, watu walitakiwa wabaki majumbani, na Benki Kuu ya nchi hiyo ikatangaza kwamba ada za kutumiana fedha kwa simu ziondolewe kwa muda wa miezi mitatu. Katika wiki chache tu idadi ya fedha zilizotumwa iliongezeka mara kadhaa. Hapakuwa na nafasi ya kujiandaa. Mtambo uliojengwa kwa sufuria nyingi huweza kuongezewa mafiga, lakini uliojengwa kwa sufuria moja hungoja kupasuka.

Hata hivyo kugawa kazi huleta tatizo lake. Taarifa ikiwa katika vitabu vitatu, huenda kimoja kikachelewa kuandikwa. Kampuni ya Amazon ilieleza mwaka 2007 jinsi ilivyoamua juu ya kikapu cha mnunuzi katika duka lake la mtandaoni. Kikapu lazima kipokee bidhaa wakati wote, hata kama nakala zake hazijapatana, na zitapatanishwa baadaye. Ikitokea bidhaa iliyokwisha ondolewa ikarudi kikapuni, mnunuzi ataiona na kuiondoa tena, na hakuna aliyedhurika. Lakini kikapu si mkoba. Fedha ya mituweli haiwezi kuwapo na kutokuwapo kwa wakati mmoja. Kwa mambo ya fedha wahandisi wenye busara huchagua kumchelewesha mtu, au hata kumkatalia, kuliko kumpa jibu la uongo. Ndiyo maana picha za harusi hufunguka upesi, na malipo hukawia. Wengi huulaumu ukawiaji huo, na mara nyingi ndio unaowalinda.

Basi yule mama aliyeachwa gizani asaidiwe vipi? Mtambo uliotengenezwa vizuri humpa kila muamala namba yake ya kumbukumbu tangu unapoanza. Agizo likifika mara mbili kwa namba ile ile kwa sababu mtandao uliyumba, mtambo hutambua kwamba ni lile lile la kwanza, ukajibu tu kwamba limekwisha tekelezwa. Ni kama mwenye duka anayeandika daftari lake kwa makini, ambaye mtoto akitumwa mara mbili kwa kijikaratasi kile kile hampi sukari mara mbili. Lakini mama mwenyewe akianza upya tangu mwanzo, hicho ni kijikaratasi kipya, nacho kinaweza kulipwa pia.

Makampuni hayo makubwa nayo huanguka. Mwezi Agosti 2008 ghala la taarifa la Netflix liliharibika, na kwa siku tatu haikuweza kuwapelekea wateja sahani zao za filamu. Kutokana na pigo hilo walijenga upya, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba wana programu waliyoipa jina la tumbili, ambayo kazi yake ni kuzima kompyuta zao wenyewe ovyo ovyo saa za kazi, ili kasoro zionekane wakati mafundi wako macho. Tarehe 4 Oktoba 2021 agizo moja lililokosewa wakati wa matengenezo liliizima Facebook, pamoja na WhatsApp, kwa muda wa saa sita hivi duniani kote. Kwa sababu hiyo desturi iliyoenea sasa ni kuonja mchuzi kabla ya kuupakua. Badiliko la programu hupelekwa kwanza kwa watu wachache, na likileta madhara hurudishwa kabla halijawafikia wengine.

Na Rwanda, isiyo na pwani, ina tahadhari yake ya ziada, kwani njia zake za intaneti hupita katika nchi jirani hadi baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, na intaneti ikapungua katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Rwanda na Tanzania zikiwamo.

Kwa akina mama wa Kibagabaga, na wa kwingineko wanaolipa kwa simu, mambo ya kufanya ni machache. Malipo yafanywe mapema, wiki moja au mbili kabla ya tarehe ya mwisho, wakati foleni isiyoonekana ni fupi. Simu ikinyamaza baada ya namba ya siri kuandikwa, salio litazamwe kwanza. Likiwa limepungua, fedha imetoka, na kulipa tena kutazidisha usumbufu. Likiwa halijapungua, ingojewe kidogo, kisha litazamwe mara ya pili kabla ya kujaribu upya. Ujumbe wa malipo usifutwe, na namba ya kumbukumbu iliyomo inakiliwe kwenye daftari la nyumbani, maana hiyo ndiyo atakayoulizwa iwapo jina la mtoto halikuonekana katika kompyuta ya hospitali.