Mapezi Yalalie Buti

Diski mbili mpya zilikuwa zimelala juu ya turubai, bado zinang'aa kwa mafuta ya kiwandani. Fundi akainua moja, akafumba jicho moja na kuchungulia ubavuni mwake kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, kisha akanigeuzia. "Hii ya kushoto, bosi. Si unaona mapezi yalivyokaa kama vijiko? Gari ikienda mbele yanachota upepo." Nikachungulia. Kati ya sahani mbili za chuma kulikuwa na safu ya mapezi yaliyopinda, na kweli yalikaa kama vijiko. Nikamwambia aendelee.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Nilipopita Soni nikasikia harufu kali, kama waya wa umeme unaoungua, na kona mbili mbele yake pedali ya breki ikashuka chini kuliko ilivyozoea, laini, kana kwamba nakanyaga sifongo. Nikarudisha gia namba mbili, nikajibanza pembeni palipokuwa na nafasi, nikakaa juu ya jiwe zaidi ya nusu saa. Kazi nyingine sikuwa nayo, nikaanza kuzikodolea macho diski zangu kupitia matundu ya rimu na kujiuliza upepo unaingilia wapi hasa.

Nisimwonee fundi. Mafuta ya breki yalikuwa ya siku nyingi, na mimi mwenyewe niliteremka na gia namba nne, mguu juu ya pedali, napiga soga na abiria wangu. Lakini diski zilikuwa zimefungwa kinyume, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na asili ya kosa hilo inanivutia kuliko kosa lenyewe. Jicho lilitudanganya sote wawili.

Tuanze na joto. Breki inapolisimamisha gari inabadili mwendo uwe joto, basi. Gari la kilo 1500 linalokwenda kilomita 100 kwa saa limebeba nishati ya kilojuli 580 hivi. Likisimamishwa kwa breki, karibu yote inaishia kwenye vyuma vyake, na ni joto linaloweza kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya bomba. Gari likifunga breki huinamia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa. Tuseme sehemu 7 kati ya 10. Diski ya mbele ya gari dogo la kawaida ina kilo 7 hivi za chuma cha kusubu. Ukipiga hesabu, kusimama mara moja tu kunazipandisha diski hizo mbili karibu nyuzi 60. Simama hivyo mara tano mfululizo bila kuzipa nafasi ya kupoa, na tayari unazungumzia nyuzi 300.

Mteremko una hesabu yake. Barabara ya Lushoto hadi Mombo inashuka kama mita 1000 katika kilomita 33 hivi. Gari lilelile la kilo 1500 linapoteza njiani megajuli zipatazo 15, na kwa nishati hiyo ungechemsha maji ya madumu mawili ya lita 20 na chenji ikabaki. Matairi na upepo hula sehemu yake, injini nayo hula nyingi ukiiruhusu. Ukiziachia breki kazi yote kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ni kama kuwa na birika mbili za umeme zinazotokota chini ya gari kwa saa nzima, bila mtu wa kuzizima.

Ndiyo maana diski ya mbele ya magari mengi ya leo haikufanywa kipande kimoja. Ni sahani mbili zilizounganishwa kwa mapezi, na katikati yake kuna njia za hewa. Wazo la breki ya diski ni la zamani. Mwingereza Frederick Lanchester alilipatia hataza mwaka 1902. Sifa zake zilivuma mwaka 1953, Jaguar yenye breki za diski iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Diski zile zilikuwa nzima, hazina njia za hewa ndani. Zenye njia za hewa zilianza kuingia kwenye magari ya barabarani miaka ya 1960. Porsche 911 S, kwa mfano, ilizipata kwenye toleo la mwaka 1967.

Watu wengi hudhani njia hizo ni madirisha tu ya kupitishia upepo wa mwendo. Ukweli ni kwamba diski hiyo ni pampu. Kama umewahi kukaa karibu na mhunzi anayetumia feni ya kuzungusha kwa mkono kuchochea makaa, umeiona pampu hiyohiyo. Tundu la kuingizia hewa liko katikati, ubavuni mwa feni. Hewa inaingia hapo, inadakwa na mapezi yanayozunguka, inarushwa kwenda ukingoni, na inatokea kwenye bomba linaloelekea motoni. Hakuna kinachochotwa kutoka ukingoni. Maji ndani ya pampu ya umwagiliaji yanasafiri hivyohivyo.

Diski ya breki ni feni ya mhunzi isiyo na bomba. Hewa baridi inaingilia karibu na habu, inapita kati ya mapezi huku ikikusanya joto, na kutokea ukingoni ikiwa ya moto. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 14 hivi kwa sekunde, na feni inavuma vizuri.

Sasa rudi kwenye vijiko. Ukiwaza kwamba hewa inachotwa kutoka nje, utayaelekeza mapezi mbele, yakabili upepo kama alivyofanya fundi wangu, na kila atakayepita atakubaliana nawe. Ukijua kwamba hewa inatoka ndani kwenda nje, utayaelekeza nyuma, ili njia iilaki hewa inakoingilia na kuisindikiza nje bila kuipiga kofi. Pampu nyingi za maji zina mapezi yaliyolala nyuma kwa sababu hiyohiyo. Diski ikifungwa kinyume, hewa bado inatoka nje, maana chochote kinachozunguka hurusha, lakini inaingia kwa pembe mbaya, inajikunja na kuvurugika mle ndani, na kiasi kinachopita kinapungua. Kwa hiyo usitarajie breki zishindwe siku hiyohiyo. Mjini unaweza kwenda mwaka mzima usijue. Mlimani utajua.

Njia ya kupima haihitaji chombo. Isimamishe diski mbele ya habu yake, kofia yake, ule uvimbe wa katikati, ikitazama nje kama itakavyofungwa. Tazama mapezi yaliyo juu kabisa, fuata moja kutoka upande wa katikati kwenda ukingoni. Ncha yake ya nje ielekee nyuma ya gari. Mapezi yalalie buti, upande wa kushoto na wa kulia vilevile; kwa hiyo diski mbili za namna hii hazifanani, zimegeuziana kama viganja vya mikono. Na usihangaike na mifereji au vitundu vilivyochongwa kwenye uso wa diski za kimichezo. Vinapendeza, vina kazi zake, lakini mwelekeo wa diski unaamuliwa na mapezi yaliyofichika ndani. Nimeona watu wakibishana juu ya mifereji hadi chai inapoa.

Nikiri pia kwamba ubishi huu wote hauyahusu magari mengi. Diski nyingi za saluni za Kijapani tunazonunua kwa mtumba zina mapezi yaliyonyooka kama spoku za baiskeli, au vinguzo vifupi badala ya mapezi, na hizo hufungwa upande wowote. Zangu zilikuwa za kununua nje ya kiwanda, zimepinda, na kila moja ilikuwa na herufi, L na R, kwenye boksi ambalo tulilitupa kabla ya kulisoma.

Upande ukishapatikana, linabaki jambo linaloharibu diski nyingi kuliko mapezi yaliyogeuzwa: kutu kwenye habu. Diski kuukuu ikishatolewa, uso wa habu unaonekana mwekundu, una magamba, na fundi mwenye haraka anaegesha mpya juu yake. Tuseme upande mmoja umebaki na gamba la unene wa karatasi ya daftari, milimita 0.1. Kofia ya diski inakalia habu kwa upana wa milimita 140 hivi, lakini diski yenyewe ina upana wa milimita 275. Kimo cha karatasi kwenye habu kinakuwa kimo cha karatasi mbili ukingoni, milimita 0.2, wakati watengenezaji wengi hawataki diski iyumbe zaidi ya milimita 0.05 au karibu na hapo. Hutaliona kwa macho. Dayo geji, ile saa yenye mshale na sumaku, ndiyo italionyesha.

Siku ya kwanza gari litakwenda shwari. Lakini kwenye kila mzunguko sehemu ileile ya diski inaipapasa pedi hata mguu ukiwa mbali na pedali, inakwanguliwa kidogo au inapakwa masalia ya pedi kidogo, na baada ya kilomita elfu kadhaa unene wa diski haulingani tena. Hapo usukani unaanza kutetemeka ukifunga breki kwenye mwendo mkubwa. Mwenye gari anasema diski imepinda kwa joto. Carroll Smith, Mmarekani aliyewahi kuisimamia timu ya Ford GT40 katika mbio, alitumia wino mwingi kuipinga imani hiyo: alishikilia kwamba kinachoitwa kupinda karibu kila mara ni unene usiolingana, mara nyingi kwa sababu ya masalia ya pedi yaliyoganda mahali pamoja. Basi diski isiyo na hatia inatupwa, mpya inakalishwa juu ya kutu ileile, na hadithi inaanza upya.

Dawa ni brashi ya waya na msasa, dakika kumi kila upande, hasa kuzunguka stadi ambako brashi haifiki vizuri. Grisi usiipake kati ya habu na diski. Mafuta ya kiwandani yanayozuia kutu yaoshwe kwa dawa ya breki, au kwa maji ya moto na sabuni kisha diski ikaushwe. Yakiachwa yanaingia kwenye pedi. Kalipa ining'inizwe kwa waya, isibembee kwa mpira wake. Kama diski ya zamani imeganda, usiitandike nyundo mpaka uangalie kofia yake: magari mengi ya Kijapani yana matundu mawili yenye uzi, na boliti mbili za milimita 8 zikikazwa humo kwa zamu zinaisukuma itoke yenyewe. Nati za tairi zikazwe kwa msalaba, na kwa kipimo. Toyota nyingi ndogo zinataka nyutoni mita 103, si uzito wa mwili wa fundi akirukia spana.

Halafu pedali. Pistoni zikishasukumwa nyuma kupisha pedi mpya, mguu wa kwanza unashuka mpaka chini na hakuna kinachoshika. Kanyaga mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka pedali iwe ngumu, ndipo uwashe. Kuna milango ya gereji iliyogongwa kwa sababu hiyo tu.

Tulizigeuza zangu Jumamosi moja, fundi yuleyule na mimi. Nilikwenda na feni ndogo niliyoazima kwa mhunzi wa jirani, nikampa azungushe huku nikishika ubani karibu na tundu la katikati. Moshi ukanyonywa ndani na kutokea bombani. Akazungusha tena, polepole, akiangalia mapezi kupitia tundu lile. "Kumbe inanywea kitovuni," akasema, akaenda kuchukua jeki. Mafuta ya breki tukayabadilisha siku hiyohiyo, maana hunywa unyevu wa hewani kila mwaka: DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205, lakini ikishashiba maji kipimo chake cha chini ni nyuzi 140. Mvuke unaotokea ndio niliokanyaga pale Soni nikadhani ni sifongo.

Nimeteremka tena mara nyingi tangu hapo. Sasa ninajua jambo ambalo mapezi hayaliponyi hata yakifungwa sawa: kwa kilomita 30 kwa saa diski inazunguka mara 4 tu kwa sekunde, na feni iliyokuwa inavuma kwenye barabara kuu inapumua kama mgonjwa, palepale ambapo joto ni jingi. Kwa hiyo ninaingiza namba mbili juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza, injini inalalamika, abiria nao wanalalamika, na mguu wangu unagusa pedali mara chache, kwa nguvu, kisha unaachia.

Safari iliyopita, pale Mombo, kijana mwenye ndoo na kitambaa alinikimbilia kabla sijazima gari. Alikwishainua ndoo kulimwagia gurudumu la mbele, ambalo bado lilikuwa linatoa joto ukilisogezea kiganja. Nikamshika mkono, nikamwambia aanze na vioo.