Fungate Kilimanjaro? Uliza Mvua Kwanza

Harusi imeisha, wageni wameondoka, na mwenzio ananong'ona: "Fungate twende Kilimanjaro!" Wazo tamu, ila tazameni kalenda kwanza. Machi hadi Mei ni masika: njia ya msituni inakuwa tope tupu, kilele kimejificha mawinguni, na ugomvi wa kwanza wa ndoa unaanzia kwenye hema lililolowa. Miezi mikavu ni Januari na Februari, tena Juni hadi Oktoba. Hata hapo bebeni makoti ya mvua kwa ajili ya msituni, na nguo nzito kabisa. Usiku kule kileleni, mita 5,895, maji huganda mwaka mzima. Likizo imeangukia Aprili? Ahirisheni tu, jamani. Mlima hauhami, na nyie ndio kwanza mmeanza.