Kubuni kwa Nguvu za Jua: Utangulizi kutoka Kiogoro

Ukitaja umeme wa jua nchini Kenya, wengi hufikiria Garissa, ambako mtambo wa megawati 50 ulizinduliwa Desemba 2019, au Turkana kwenye anga jeupe na ardhi kavu. Ni nadra mtu akataja Kiogoro. Huku nje kidogo ya mji wa Kisii milima ni ya kijani mwaka mzima, mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na siku nyingi wingu huwa limeshajikusanya kufikia saa tisa alasiri. Hata hivyo ndiko ninakotaka tuanzie safari hii, mimi na wewe msomaji uliyefungua kitabu hiki kwa mara ya kwanza. Taaluma ya kubuni vitu vinavyotumia jua, iwe nyumba, chombo cha usafiri au taa ya mezani, hufundishika vyema pale ambapo jua halipatikani ovyo. Penye jua tele, mbunifu asiyefikiri husamehewa. Kiogoro hasamehewi.

Tuanze na jua lenyewe. Kiogoro iko chini ya nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, Desemba hupita kusini, na Machi na Septemba hukaribia utosini kabisa. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humwambia fundi aelekeze paneli kusini na kuisimamisha kwa mwinamo mkali. Ushauri huo ni sahihi kwa Ujerumani, lakini hapa unapoteza umeme. Swali letu ni jingine: mashariki au magharibi? Joto la mchana huvuta hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria, ikapanda milima ya Gusii, ikapoa, ikawa wingu, na alasiri mvua ikanyesha. Mara nyingi asubuhi ndiyo yenye anga safi. Basi mwenye paa la migongo miwili, mmoja ukitazama mashariki na mwingine magharibi, aweke paneli zake mashariki. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha ili mvua ioshe vumbi na isituame. Mafundi wengi huifunga paneli upande wa barabara, mahali inapoonekana na wapita njia. Fahari hiyo naielewa, maana sola ni mali. Lakini paneli inayotazama magharibi huku husubiri jua la saa kumi, na saa kumi kuna mvua.

Jambo la pili ni kivuli, na hapa ningependa usogee karibu uitazame paneli yenyewe. Chukua ile ya kawaida ya kuchaji betri ya volti 12. Hesabu vile vipande vyeusi chini ya kioo: mara nyingi ni 36. Kila kimoja ni seli ya silikoni inayotoa takriban nusu volti, na zote zimeungwa mfululizo, mkondo mmoja ukipita katika kila seli kama maji yapitavyo katika mpira mmoja wa kunyunyizia bustani. Ukiubana mpira mahali pamoja, maji hupungua kote. Sasa leta jani la mgomba. Likifunika seli mbili tu kati ya 36, hupotezi sehemu mbili kati ya 36. Mkondo wa safu nzima hushuka, na seli zilizofunikwa huweza kupata moto kiasi cha kuharibika. Ndiyo maana watengenezaji huweka diodi nyuma ya paneli ili umeme uzunguke sehemu iliyozibwa. Kwenye paneli ya diodi mbili, nusu nzima ya seli huachwa nje ili nusu nyingine ifanye kazi.

Kwa mkulima wa Kisii hili si jambo dogo. Mgomba ulio mfupi leo utakuwa umelifikia paa la nyumba baada ya miezi kadhaa, na hakuna atakayeukata mgomba wenye mkungu kwa ajili ya paneli. Kwa hiyo mchoro wa nyumba ya sola katika eneo hili lazima uonyeshe shamba pia: migomba iko wapi, mikaratusi ya jirani iko upande gani, na kivuli chake saa tatu asubuhi kinafika wapi. Afueni yetu ni baridi. Seli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi 25, na paneli juani hupata joto kuliko hewa inayoizunguka. Hewa ya mwinuko wa takriban mita 1,700 huipoza vizuri kuliko ile ya Mombasa, mradi fundi ameacha nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na mabati.

Historia ya umeme wa jua nitaieleza kwa ufupi. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga unaweza kuzaa umeme. Mwaka 1954, katika maabara za Bell nchini Marekani, Chapin, Fuller na Pearson walionyesha seli ya silikoni iliyogeuza takriban asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Leo paneli za madukani zimefika 20 na zaidi. Kwetu Kenya, mahali pa kukumbukwa ni shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, huko Meru. Mwaka 1984 mhandisi Harold Burris na Mark Hankins, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa kujitolea hapo, waliiwekea taa za sola. Mafundi wakafunzwa kazi, na wakulima wa kahawa na chai wakaanza kununua paneli ndogo kwa ajili ya taa, redio na televisheni. Hawakungoja mradi wa serikali. Waliingia dukani, wakalipa, wakabeba paneli moja, wakaongeza nyingine mavuno yalipokuwa mazuri. Mbunifu wa Afrika Mashariki asiyeielewa tabia hii ya kununua kidogo kidogo atachora vitu vizuri visivyo na mnunuzi.

Katika vitu vya kila siku, taa ndiyo iliyotubadilishia maisha. Paneli peke yake isingetosha. Ilihitaji mwenza asiyekula umeme mwingi. Mwenza huyo alikuwa LED nyeupe, iliyowezekana kwa kazi ya Akasaki, Amano na Nakamura ya kupata mwanga wa buluu, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Taa ya wati 2 au 3 ikawa na nuru ya kusomea. Evans Wadongo, kijana kutoka magharibi mwa Kenya aliyesoma kwa koroboi hadi macho yakaathirika, alibuni mwaka 2004 taa ya sola aliyoiita MwangaBora. Kisha ikaja kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara mwaka 2012 ikiegemea M-Pesa: ndani ya kifaa cha sola kuna kadi ya simu, mteja hulipa pesa kidogo kila siku, na asipolipa kifaa hujifunga. Kwa maoni yangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko plastiki au kioo chochote, kwa sababu ulibuniwa uufuate mfuko wa mtu jinsi ulivyo.

Lakini kuna jambo linaloniuma katika taa hizi, nalo nataka ulibebe tangu sasa. Nyingi zimegundishwa. Betri ikichoka baada ya miaka michache, fundi wa simu pale sokoni, mwenye uwezo wote wa kuibadilisha, hana pa kuingizia bisibisi. Hulazimika kuipasua. Paneli iliyo nzima, yenye uwezo wa kuishi miaka 20, hutupwa pamoja na betri iliyokufa. Skrubu nne zingetosha.

Majengo ni mlango mwingine, na huu ni mkongwe. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar waliibuni mitaa myembamba ili nyumba moja iifunike nyingine kwa kivuli, na kuta nene za mawe ya matumbawe ili joto lichelewe kuingia. Huo ni usanifu wa jua usio na hata waya mmoja. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizozinduliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 zimebeba paneli za takriban kilowati 515, lakini sifa yake halisi ni kwamba zilichorwa kwanza zitumie umeme kidogo, mwanga wa mchana ukishuka hadi katikati ya jengo. Kiogoro shida haifanani na ya pwani. Asubuhi ni baridi, na dirisha la mashariki ni rafiki: linaleta joto na nuru bila malipo. Ukianza na dirisha, taa utakazohitaji mchana huwa chache, na paneli utakayonunua huwa ndogo.

Tumefika kwenye magari, na hapa hesabu ni muhimu kuliko picha za kuvutia. Februari 2016 Uganda ilizindua Kayoola, basi la sola la abiria 35 lililotengenezwa na Kiira Motors, mradi uliochipuka Chuo Kikuu cha Makerere. Lilikuwa na paneli juu ya paa na betri za kulipeleka takriban kilomita 80. Ni kazi ya kujivunia. Sasa tupime paa la matatu ya abiria 14: urefu wa mita 4, upana wa mita moja na nusu, yaani mita 6 za mraba. Jua kali huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Paneli hugeuza moja ya tano. Tumebaki na wati 1,200. Siku nzuri yenye jua linalolingana na jua kali la muda wa saa 5, unapata uniti 6, zile zile unazonunua kwa tokeni. Gari la umeme la ukubwa huo litakwenda nazo kilomita 24 hivi. Hazitoshi kwa kazi ya siku.

Mpe boda boda wa umeme uniti hizo hizo 6. Atapita kilomita 150. Pikipiki za namna hii zinaundwa Nairobi na kampuni ya Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus mwaka 2017, na betri yake huweza kutolewa kwa mkono. Kwa hiyo paneli haina haja ya kupanda pikipiki. Inaweza kukaa juu ya kibanda cha steji, ikajaza betri asubuhi huku vijana wakiendelea kubeba abiria kwa betri nyingine. Hili ndilo zoezi lako la kwanza. Chukua kibanda chenye paa la mita 4 kwa 3, steji yenye boda boda 10, na kila mmoja akihitaji uniti 4 kwa siku. Punguza nusu ya jua kwa sababu ya mawingu na hasara za nyaya na betri. Utaona mara moja kwamba paa la kibanda halilishi hata wawili, sembuse kumi. Basi vuka barabara na kamba ya kupimia, ukapime paa la soko, la shule, na la kanisa ambalo siku sita za wiki halitumii umeme wowote.